Barafu iliyodanganya mita ya ndege, na kilo zangu za kiunoni

Wakuu, salama?

Nina jambo limenikaa kichwani tangu miaka ya vita na mpaka leo sijalielewa vizuri. Sitaongeza chumvi, aibu yenyewe ni yangu. Mimi ni fundi wa majenereta hapa Kindu, si rubani, kwa hiyo nikikosea mambo ya ndege mnisahihishe taratibu.

Wakati ule reli ilikuwa imekufa na barabarani kuna wenye bunduki. Kila kitu ni ndege. Chumvi na sabuni zinaingia, kasiteriti, yale mawe ya madini ya bati, inatoka, na abiria tunakaa juu ya magunia. Mkanda? Shika kamba.

Kabla ya kupanda ulisimama kwenye mizani ileile ya magunia, na mzigo wako mkononi. Mpimaji alikuwa mjomba wangu Saleh, ndugu wa mama. Akishakupima anaandika kilo kwa chaki kwenye begi lako. Hapo huongezi kitu.

Sasa sisi tulikuwa na ujanja wetu. Ukishapimwa unazunguka nyuma ya mapipa ya mafuta, unajifunga vimfuko vya kasiteriti kiunoni, juu unavaa koti. Koti, kwenye joto la Kindu! Yale mawe ni mazito kuliko yanavyoonekana, unatembea kama mjamzito.

Siku hiyo nilijifunga kilo kumi na mbili, mzigo wa kutoka Kampene. Mjomba alikuwa amenipima muda si mrefu kabla.

Tuliruka vizuri. Tukapanda mpaka ndani ya wingu zito, weupe mtupu kila dirisha. Halafu sauti ya mashine ikapungua. Haikuzima, ilipungua tu, na ndege ikaanza kushuka.

Mama mmoja pembeni yangu akaanza shahada. Mimi nikashika mawe yangu chini ya koti. Nilijua ni mimi. Wallahi nilijua ni mimi.

Kwa marubani palikuwa na pazia tu. Nikamwona fundi wa ndege anamfokea rubani huku anagonga mita moja kwa kidole. Rubani akasukuma vishikio vya nguvu mbele, mashine zikanguruma tena, tukageuza, tukatua Kindu.

Tuliposhuka, fundi alisema neno moja: barafu.

"Barafu gani, na hii joto?" watu wakamjibu. "Njo kilo! Saleh alipima mubaya!"

Wakamvamia mjomba. Wakuu, waliopiga kelele zaidi ni sisi wenye makoti. Na mimi nilipiga kelele.

Askari wa uwanja walimfungia kwenye kontena siku sita. Kazi ikaisha, akahamia Lokandu kuvua samaki. Mimi nikanyamaza miaka yote hiyo.

Juzijuzi fundi mmoja wa ndege alileta jenereta kwangu. Nikamsimulia kisa kizima, nikajifanya ni cha mtu mwingine.

Akachukua mpira wangu wa mafuta, akaziba tundu kwa kidole. Akasema mbele ya mashine ya ndege kuna kijibomba kinachopima presha ya hewa inayoingia, na nyuma kuna kingine. Mita ya rubani inalinganisha hizo presha mbili, ndivyo anavyojua mashine inasukuma kwa nguvu kiasi gani.

Huko juu mawinguni ni baridi hata kama sisi chini tunaungua. Kijibomba cha mbele kisipopashwa joto, barafu inakiziba. Mita inadhani presha ya mbele ni ndogo, kwa hiyo inaonyesha nguvu imezidi. Rubani anapunguza. Kumbe haikuwa imezidi, na sasa haitoshi. Aliye makini ataona mita za mzunguko na za mafuta zinasema mambo mengine.

Nikamuuliza, na uzito?

"Uzito haizibe bomba," akasema. "Lakini ndege muzito ikikosa nguvu, inashuka mbio."

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. Nimeachiwa au nimefungwa?

Nikaenda Lokandu. Mjomba amezeeka, anashona nyavu sasa. Nikamweleza barafu yote, kwa mpira na kidole. Nilijisikia vizuri, kama nimemletea barua ya kumsafisha jina.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Basi haikukuwa kilo?"

"Hapana, Mujomba. Barafu njo ilidanganya ile mita."

Akavuta uzi, akafunga fundo.

"Na weye, mwipwa, ulikuwa na kilo ngapi?"

Sikuwa nimemwambia hata neno moja kuhusu mawe.

"Kumi na mbili."

"Miye niliwaza kumi," akasema, akaniomba nimpe kisu akate uzi.

Nililia, wakuu, mtu mzima na mvi zangu. Nikaomba radhi. Aliendelea kushona. Wakati wa kuondoka alinifungia samaki wawili kwenye jani, na mpaka sasa sijui kama ule ulikuwa msamaha au ni samaki tu.

Nilichojifunza: barafu ilimdanganya rubani kwa dakika chache, mimi nilimdanganya mjomba miaka yote, na sina wingu la kusingizia.

Wenye kujua ndege, niambieni bila kunionea huruma: kilo zangu zilichangia au hazikuchangia? Na kama wewe unayesoma ulikuwa ndani ya ndege ile umevaa koti, Lokandu si mbali. Mzee bado yuko hai.