Ukungu wa Stoo ya Bibi

Juzi nilirudi nyumbani, kule juu ya Ilula, nikafunua kikapu cha bibi kilichobaki stoo. Harufu ya tumbaku ikanipanda puani, nikakaa chini. Ngoja nikusimulie.

Bibi alikuwa akiviringisha sigara nene kwa mkono, jani juu ya jani, bila karatasi. Mwaka ule baba mdogo alitaka kuoa, na baba wa binti alikuwa mzee mkali. Alimwambia, "Posa nitapokea. Ila mniletee sigara za mama yako. Zikiwa mbovu, msikanyage hapa tena."

Bibi akajaza kikapu, akakiweka stoo. Kufagia humo ilikuwa kazi yangu. Asubuhi moja nikaona vumbi jeupe juu ya sigara, kama unga. Nikamfuata bibi shambani.

"Bibi, ukungu umeingia stoo."

Bibi alizoea Kihehe. Kwake ukungu ni ule unaoshuka mlimani na kuficha migomba, si huu unaoozesha vitu.

"Funga dirisha basi, mjukuu wangu. Ziba na gunia kabisa."

Nikaziba. Nilikuwa mtoto wa kunyamaza, nikadhani ndiyo dawa yenyewe.

Ikabaki kesho tu twende ukweni. Bibi akafungua stoo, akapiga yowe. Kikapu chote kilikuwa cheupe.

"Wewe, ulisema ukungu au ukungu?" baba mdogo aliniuliza. Hakuna aliyecheka.

Tukahamia jikoni. Bibi alifuta kila sigara kwa kitambaa kikavu, akaifungua ncha kidogo, akanusa. Iliyooza mpaka ndani aliitupa motoni, na kila alipotupa baba mdogo alishika kichwa. Nje hapakuwa na jua, ukungu ule mwingine ulikuwa umejaa uani. Zilizopona tukazitandaza kwenye ungo karibu na mafiga. Maharage yaliiva, yakapoa, hakuna aliyegusa.

Ukweni nilibeba kikapu mimi. Hakikufika hata nusu. Mzee alichagua sigara moja, akainusa kwa muda mrefu. Nilisikia kuku wakiparura nje.

"Hii imelala jikoni," akasema.

Baba mdogo akainamisha uso. Bibi hakuficha. "Ni ukungu, baba. Ulituingilia."

Mzee akatazama nje ya mlango. Kilima cha mbele hakikuonekana.

"Hata huku kwetu mwaka huu umezidi," akasema, akaomba kaa la moto, akawasha. Akavuta. Akafumba macho. "Mwiteni binti."

Mama mdogo, ndiye binti yule, anasema alikuwa nyuma ya mlango akisikiliza yote.

Siku hizi haviringishi mtu. Bibi hayupo, mzee yule hayupo, na waliobaki wanavuta za dukani. Chini ya kikapu nilikuta sigara moja imesahaulika, nyeupe tupu. Nimeifuta taratibu kama alivyokuwa akifuta yeye. Kisha nikainua macho dirishani. Gunia nililozibia utotoni bado lilikuwepo.

Nimelitoa.