Bafu Lililoachiwa Pindo

Mama Pindo alishona nguo kwa miaka arobaini, na jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu kila alichoshona alikiachia pindo la vidole vitatu, mwenyewe akinenepa au akirefuka apate pa kukimbilia. Hata koti la mzee wa miaka tisini aliliachia nafasi ya kukua. Mzee akakua, akalirudisha lifumuliwe.

Nyumbani aliishi na wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Wawili hao walikuwa wakigombana tangu siku ya harusi bila likizo, na kila mmoja akimwekea mwenzake kipande cha nyama kilicho laini zaidi.

Bafu lao lilikuwa la siku nyingi. Vigae vilikuwa vya kijani cha chura mgonjwa, alivibandika marehemu kwa mkono wake, kimoja kikitazama mlango, kingine dirisha. Bomba lilidondosha maji mpaka doa la kutu kwenye sinki likaota ndevu. Kioo kililiwa na unyevu kikabaki kuonyesha sikio la kushoto tu. Wifi alijipodoa kwa kulitazama sikio hilo, uso akiukisia.

Jumatatu wifi akateleza humo. Hakuvunjika kitu, ila alianguka polepole kiasi cha kuwahi kumtaja kila aliyehusika na ujenzi. Alipoinuka alikwenda moja kwa moja chumbani, akatoa sanduku.

"Jumamosi mwanangu anakuja kunichukua," akasema. "Kwake sakafu haing'ati."

"Nenda tu, wifi. Nitapata pa kuweka cherehani ya pili."

"Weka hata ya tatu."

Mama Pindo akarudi kwenye cherehani, akashona suruali ya mteja mpaka mguu mmoja ukazibika kabisa. Akautazama. Nyumba isiyo na wa kugombana naye angeifanyia nini? Pesa aliyokuwa nayo ingetosha kukarabati bafu la kuku. Akaamua kulifanya mwenyewe.

Jumanne alimwaga siki na magadi kwenye lile doa, akalifunika matambara mpaka adhuhuri. Lilitoka likinung'unika. Akafunga maji, akabadilisha mpira wa bomba. Ukimya ulioingia nyumbani ukamleta jirani kuuliza nani amefariki. Nafasi kati ya vigae alizikwangua, akazijaza simenti nyeupe kwa mfuko wa plastiki aliokata pembe, akiminya taratibu kama anayetia nakshi. Vigae havikunyooka, lakini sasa vilipinda kwa usafi.

Wifi, ambaye siku hizo aliogea kwenye beseni chumbani, akasimama mlangoni.

"Unampambia nani? Mimi naondoka."

"Mpangaji."

"Vigae vya kaka yangu usiving'oe. Alivipiga kwa upendo."

"Upendo haukumpa rula."

Jumatano akamwita. "Simama wima nikupime gauni la safari." Akapima bega, akapima kiuno, kisha akapiga magoti na kupima kutoka sakafuni mpaka kiganjani.

"Gauni gani hilo linapimwa kiganja?"

"La mikono mirefu."

"Mkono umeanza lini kupimwa kutoka sakafuni?"

"Wewe ni mfupi, wifi. Usinichanganye."

Alhamisi akanunua zulia la plastiki lenye vinundu, kipande kilichobaki dukani. Aliunganisha magazeti akatoa ramani ya sakafu, akaichora kwa chaki juu ya zulia, akakata. Fundi wa vigae, jirani yule yule, akaja kuchungulia.

"Mama, umezidisha vidole vitatu kila upande. Sakafu hainenepi."

"Umewahi kuishi nayo?" akamuuliza, ingawa ndiyo kwanza anaona alichofanya.

Akashika mkasi apunguze. Mkono ukakataa, tangu ujana haujawahi kukata pindo. Basi akalipandisha ukutani, akalikunja kwenye pembe kama shuka, akalipaka gundi. Maji yaliyokuwa na desturi ya kupita chini ya ukuta kwenda kutembea ukumbini yakafika pale, yakakuta ukingo, yakarudi kwenye tundu lake. Fundi akaomba kuazima futi.

"Niachie drili yako kwanza," Mama Pindo akamwambia.

Ijumaa aling'oa kwenye chumba cha ushonaji kile chuma cha kutundikia nguo za wateja, akakikata, akakifunga ukutani bafuni kwa skrubu nene. Vigae viwili vya marehemu vikapasuka. Akamwomba radhi kwa sauti ndogo.

Jumamosi honi ikalia mlangoni. Wifi akasema hawezi kusafiri na vumbi, akaingia kuoga. Mama Pindo akabaki ukumbini ameshika pini mdomoni, bila nguo ya kuichomekea. Maji yalimwagika, yakanyamaza, yakamwagika tena. Honi ikalia mara ya tatu.

Wifi akatoka.

"Kile chuma kimekuja chenyewe kiganjani."

"Ni cha taulo."

"Umenipima gauni ukanishonea bafu."

"Gauni lingekubana."

Wifi akafungua sanduku, akatoa taulo, akarudi kulitundika kwenye chuma. Kisha akaenda dirishani, akamwambia mwanawe aingie anywe chai, aoge, maana ananuka safari. Mwana akaingia bafuni, akakaa saa nzima. Alipotoka aliuliza kama kuna chumba.

Mama Pindo akatema pini, akaenda kufumua ule mguu wa suruali.