Programu ya Shemeji Yangu Inakosea, na Mimi Ndiye Niliyeipitisha

Ujumbe huu umetoka kwa dada mmoja wa Kitengela anayetufuata hapa. Jina tumeliweka kando, maneno ni yake. Msome hadi mwisho kabla ya kumjibu.

Mimi ni mama wa watoto wawili, niko na miaka thelathini na sita. Naishi Kitengela na bwanangu, na kazi yangu ni kushughulikia kompyuta za kampuni moja Nairobi. Najua hapa watu wengi huleta mambo ya ndoa. Yangu si ya ndoa, lakini imeniondolea hamu ya kula, na kila mtu ningemwambia ni mtu itamuumiza.

Wazazi wetu walifariki nikiwa darasa la saba huko magharibi. Dada yangu alikuwa ameolewa Kajiado na Mmaasai, mpimaji wa maji ya ardhini. Huyo shemeji, Baba Naisula, ndiye alinilea na kunisomesha hadi chuo. Mpaka leo ananiita entito, msichana wake. Hajawahi kunifanya nijisikie mzigo hata siku moja.

Kazi yake ilikuwa kupitisha umeme kidogo kwa ardhi, kusoma namba, na kuambia watu maji yako mita ngapi chini. Kwa miaka mingi aliandika programu ya kompyuta ya kufanya hizo hesabu. Sasa amestaafu, mikono inatetemeka, hata kikombe anashika kwa mikono miwili. Hiyo programu ndiyo kitu amebaki nacho.

Mimi nami, wikendi, najitolea kwa kikundi cha watu wa nchi nyingi wanaotengeneza mfumo wa kompyuta wa bure, ule mtu yeyote anaweza kuuweka kwa mashine yake bila kununua. Ndani yake tunaweka programu za kila aina, na mimi ni mmoja wa wanaoamua zile za sayansi ziingie au zikae nje. Shemeji alipojua aliniomba jambo moja tu. "Entito, iweke yangu pale. Hata nikienda, mtu wa Turkana ama wa Sudan ataitumia."

Wenzangu walisita. Mmoja aliuliza, "Inatumiwa na watu wangapi? Nani ameipima, na nani ataitunza?" Maswali ya haki. Nikaazima madaftari ya zamani ya shemeji, ambamo aliandika vipimo vya visima na kilichopatikana baada ya kuchimba. Nikaingiza namba kisima kwa kisima. Vingi vilikubaliana na programu. Vitatu vilikataa, vyote vya sehemu za udongo mweusi, huu unaonata kwa viatu hapa kwetu mvua ikinyesha. Kimoja programu ilisema maji yako mita sitini. Daftari, kwa mwandiko wake mwenyewe, lilisema walipita mia na themanini wakatoa vumbi tu.

Nikaenda Kajiado kumwonyesha. Aliangalia skrini muda mrefu. "Umeingiza namba vibaya," akasema. Nikaingiza tena mbele yake, jibu likawa lile lile. Akasema kwa sauti ya chini, "Basi rekebisha wewe. Wewe ndiye unajua kompyuta." Lakini mimi sijui mambo ya ardhi. Naweza kusoma kila mstari alioandika na bado nisione alipokosea. Na yeye, niligundua siku hiyo, hakumbuki tena alivyoiandika. Dada alinisindikiza hadi kwa geti akanishika mkono. "Usimwambie hapana. Akiamka asubuhi ni hiyo tu anaulizia."

Hapa ndipo nilipokosea. Nilirudi nyumbani nikaandikia wenzangu kwamba nimeipima, iko sawa, na nitaitunza mimi. Kwa sababu hakuna mwingine kwa kikundi anayejua hayo mambo, waliniamini, ikaingia kwa toleo la majaribio, imeandikwa kwamba imepimwa, na jina langu kama mtunzaji. Nilijiambia ni programu ya watu watatu duniani, nani ataiona. Shemeji alisimama kanisani akatoa ushuhuda kwamba programu yake imekubaliwa, watu wakapiga makofi, na mimi niko safu ya pili naangalia viatu vyangu.

Jumatatu hii nikapata barua pepe. Jamaa mmoja anayepima maji vijijini, upande wa Kajiado, alikuwa amechukua hilo toleo la majaribio akaona jina langu. Alinishukuru sana. Amepima uwanja wa shule moja, programu imemwonyesha maji mita sabini, wazazi wamekubali, mashine ya kuchimba inakuja wiki ijayo. Nikamuuliza udongo wa hapo ni wa aina gani. Akajibu, "Ni ule mweusi."

Nikamwandikia asimamishe kila kitu, kwamba programu inakosea kwa udongo kama huo. Hilo angalau nilifanya. Jibu lake halikukawia. "Asante, madam. Lakini mbona mmeandika imepimwa? Mzee aliyeitengeneza ndiye alinifundisha kazi. Jumamosi nitampitia kwake nimuulize mwenyewe."

Leo ni Alhamisi. Toleo kamili bado halijatoka, kwa hivyo naweza kuitoa, lakini lazima niandike sababu, na sababu ni kwamba nilidanganya. Wenzangu wakikosa kuniamini tena, hiyo nastahili. Kinachonimaliza ni mzee. Nikiitoa, nimemnyang'anya kitu kimoja alichoniomba maisha yake yote. Nikiiacha, kuna shule nyingine mahali sijui itachimba shimo kavu kwa sababu yangu. Bwanangu anasema nimwombe huyo jamaa asiende kabisa. Dada hajui lolote. Jana alinipigia kuuliza kama jina la mzee huko kwa kompyuta limeandikwa kamili, yote matatu.

Kesho nimeomba ruhusa kazini niende Kajiado nimfikie kabla ya huyo jamaa. Nyinyi mliolelewa na mtu asiye mzazi wenu, niambieni: nikishaketi mbele yake, nianze na neno gani?