Iko Ndani, Papa

Mimi na Papa tumekitembea kile kiwanja cha gofu mpaka viatu vyetu vinaijua njia bila sisi. Kiko juu ya kilima, ziwa liko chini, na kiliachwa na Wazungu wa zamani pamoja na nyumba zao za mabaraza mapana. Mashimo yalikuwa tisa. Ziwa lilipopanda, la tisa, lililokuwa chini ufukweni, lilikwenda na maji, kwa hiyo sasa tunacheza manane halafu tunarudia la kwanza tukijifanya hatulijui. Kwenye shimo la nne kuna shamba la mihogo la mama mmoja, na mpira ukiingia mule lazima uombe ruhusa. Kwenye la sita wamama wanaanika ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa. Mpira ukitua kwenye ndagala huombi kitu, unakimbia.

Gofu yetu haina majani laini kama ile ya kwenye simu. Kuzunguka kila shimo kuna duara la mchanga uliochanganywa na mafuta machafu ya mashini, na kabla ya kupiga unaburuta gunia kuusawazisha. Fimbo ziko kumi na moja kwa wachezaji watatu: Papa, mchungaji wa kanisa letu, na mimi, ambaye nilipaswa kuwa nyumbani na kemia yangu, maana mwaka huu ninangojewa na mtihani wa Serikali wa kumaliza shule.

Kila mchezaji ana namba yake, handikapu. Ni mapigo unayosamehewa kwa sababu wewe si hodari. Mchungaji anaielewa kuliko sisi: anasema ni kama dhambi, ila hizi zinaandikwa. Ukiendelea kujua mchezo, namba inashuka. Papa tangu nimjue ana kazi mbili, ofisi yake, biro ya bandari, kuanzia Jumatatu, na kushusha ile namba Jumamosi.

Alitaka ifike kumi na nane. Hiyo ndiyo wanayodai Lubumbashi ili wakukubali kwenye mashindano yao, na Papa alitaka apige mpira mara moja juu ya majani ya kweli kabla hajafa. Alikuwa anasema "kabla sijakufa" kama watu wanavyosema "kabla ya mvua", bila huzuni yoyote. Lakini goti lake la kushoto lilikuwa linavimba tukifika shimo la tano, na daktari alishamwambia: mwaka huu, labda na ujao, halafu utakaa.

Sasa shida. Kwenye daftari letu la hapa nyumbani Papa alikuwa kumi na nane zamani sana. Lakini Lubumbashi hawalijui daftari letu. Wanatuma mjumbe mara moja kwa mwaka, anatembea na wewe kiwanja kizima, na kila mara mbele ya mjumbe Papa alirudi ishirini na nne, kama mbuzi anayerudi zizini jioni bila kuitwa.

Mara ya kwanza kosa lilikuwa la upepo. Mara ya pili la fimbo ndefu, akaagiza nyingine Kigoma, ikavuka ziwa katikati ya mabunda ya vitenge. Ilikuwa nzuri. Alipoteza nayo mipira mbali zaidi. Kisha viatu. Mwaka jana kosa lilikuwa mimi.

"Ulicheka nikiwa ninapiga," aliniambia tukishuka kilima.

"Nilimucheka mbuzi, Papa."

"Mbuzi alifanya nini?"

"Alikuwa anatikisa kichwa."

 Alichechemea mpaka nyumbani, na mimi nyuma na mfuko wa fimbo, bega limechoka, utani umeniishia.

Kosa halikuwa la mbuzi wala la upepo. Nililijua, na ninaandika hapa kwamba nililijua wiki nyingi kabla ya mtu mwingine.

Kwetu huwezi kumwacha mzee ahangaike mbele ya watu kwa kipande cha mita moja. Mpira wa Papa ukikaribia shimo, hata ukiwa umebaki hatua nzima, mchungaji anasema, "Acha, Papa, iko ndani." Papa anaokota, linaandikwa pigo moja, tunaendelea. Ukifika wa mchungaji, Papa anamrudishia: "Iko ndani, mutumishi." Wa kwangu vilevile, maana mzee akimnyima mtoto kitu kidogo hivyo ataonekana mchoyo. Ni heshima. Inakwenda kwa zamu, kama kusukumiana kipande cha mwisho cha samaki sahanini. Na kwa heshima hiyo watu watatu tulicheza miaka bila kuutumbukiza mpira shimoni.

Alhamisi moja nilitoroka saa ya kemia, nikapanda peke yangu. Niliweka mipira kumi, hatua moja kutoka shimoni, nikapiga. Iliingia minne. Nikaburuta gunia, nikarudia. Mitatu. Nilikaa chini pale kwenye mchanga unaonuka mafuta, nikamhesabia Papa mashimo yake yote, na ile tofauti ya ishirini na nne na kumi na nane ikatoka yenyewe, safi kuliko hesabu yoyote niliyowahi kufanya darasani.

Jumamosi nilijaribu kusema. "Papa, sisi tungekuwa wavuvi, tungerudi nyumbani tukisema samaki karibu aingie, basi Mama apike."

Mchungaji alicheka mpaka akashika fimbo kwa mikono miwili. Papa naye alicheka. Ndio ubaya wa kuwa mchekeshaji wa nyumba; siku ukiwa na neno la kweli wanakushangilia tu. Ningeweza kusema tena, taratibu. Sikusema. Kumwambia Papa kwamba hajui mita moja, baada ya fimbo ile kuvuka ziwa zima, mimi na kinywa changu hiki, hapana. Na mpira wangu ulikuwa umebaki hatua moja. Aliniambia uko ndani, nikaokota.

Mwaka huu mjumbe alikuja mtu mwembamba, mpole, amejifunga kitambaa shingoni. Alisema maneno machache: mpira mpaka shimoni, kila shimo, mizunguko miwili, na mapigo tisini, sabini na mbili ya kiwanja na kumi na nane ya kusamehewa, yakizidi hata moja hakuna Lubumbashi. Kisha akanipa mimi kadi ya Papa niandike, kwa sababu mchungaji alikuwa na mazishi.

Papa alicheza vizuri. Ninasema kweli, sijawahi kumwona hivyo. Fimbo ya Kigoma ilinyooka, mihogo hatukuiomba ruhusa hata mara moja. Lakini kila tulipofika kwenye duara la mchanga aliganda, akapiga mara mbili, mara tatu, kidogo kidogo, kama mtu anayebisha mlango wa anayemdai. Tulizunguka mara ya pili goti likiwa kama papai. Hakulalamika. Nilitamani alalamike.

Kwenye shimo la mwisho mapigo yalikuwa themanini na tisa. Mpira ulikuwa umebaki hatua moja. Mjumbe alikuwa ametugeuzia mgongo, anaangalia ziwa, anajipepea na kofia.

Papa aliinama. Sikujua anainama kupima au kuokota. Mkono wake ulikuwa umeshaanza kushuka. Kisha aliniangalia. Halikuwa jicho la kuomba uongo. Lilikuwa jicho la kila Jumamosi, la mtu anayengojea neno lake la kawaida, na neno lilikuwa limeshafika kwenye meno yangu.

"Piga, Papa," nilisema.

Alinitazama kidogo zaidi. Akasimama vizuri. Akapiga. Mpira ulizunguka mdomo wa shimo, ukatoka upande wa pili, ukalala pale kama mbwa aliyeshiba. Akausukuma ndani.

Mjumbe aligeuka. "Ngapi?"

Mimi ndiye mwenye kadi, lakini Papa alitangulia. "Makumi tisa na moja."

Tulishuka kilima. Nilingojea mbuzi, viatu, kicheko changu. Karibu na nyumbani ndipo alipouliza, "Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ya kemia."

"Siku gani ya kemia?"

Basi kukawa na makosa mawili ya kuzungumzia, na la kemia ndilo lililomfikia Mama.

Sasa kuna kopo la tomato limefukiwa uani, mdomo juu, mchanga umesawazishwa na gunia. Kila jioni, nikimaliza kusoma, na Mama anahakikisha nimemaliza, tunapiga mipira kumi kila mtu kutoka hatua moja. Papa anakaa kwenye kiti kati ya pigo na pigo kwa sababu ya goti. Mchungaji alipita mara moja, akaona mpira umesimama ukingoni, akafungua mdomo kwa mazoea.

"Mutumishi," Papa alimwambia, "usiseme."

Jana Papa aliingiza sita, mimi mitano. Kuku waliangalia. Mjumbe atarudi mwakani, kama goti litakubali. Papa alinyoosha mguu, akanisukumia mipira, na kwa iliyokosa hatukupeana pole.