Nusu Iliyonyimwa

Wanawake wa kikundi cha kilimo walimwita Mama Kamba, kwa sababu tangu afundishwe kupanda kwa mistari hakuchomeka mbegu bila kuvuta kamba. Kwa unyoofu huo, bibi shamba, binti mwenye buti safi na kauli za semina, alichagua shamba lake liwe darasa. Lilikuwa ekari moja, hiyo hiyo iliyomlisha yeye na wajukuu watatu.

Maelekezo yalikuwa mafupi: nusu ya kulia itiwe mbolea ya dukani, ya kushoto isitiwe kitu.

"Imekosa nini?" aliuliza Mama Kamba.

"Ni ya kulinganishia, mama. Wenzako waone tofauti."

"Wenzangu njaa wanaijua kwa sura, mwanangu."

Bibi shamba alicheka, akachomeka vibao viwili, akawasha pikipiki.

Mama Kamba alitii wiki tatu. Ya nne, mahindi ya kushoto yalianza umanjano, na kila akipita na maji aliona haya, kama mtu aliyepakua chakula akaruka watoto wa mke mwenzie. Hakukusudia kuharibu elimu. Alimwaga ndoo moja tu ya samadi ya mbuzi. Kisha nyingine. Kisha akaacha kuhesabu.

Mvua ikakatika mapema; samadi ikashika unyevu, mbolea ya dukani haikuweza. Siku ya maonyesho, wanawake thelathini walikuta upande wa kulia umejikunja majani, wa kushoto kijani kibichi.

"Isiyotiwa kitu ndiyo ipi?" mwanamke mmoja aliuliza.

Bibi shamba alisoma kibao. Akasoma daftari. Akarudi kwenye kibao.

"Basi jamani, tusitie kitu!" mmoja akahukumu. "Tumepumzishwa." Wengine wakashangilia, wakaanza kufunga kanga waondoke.

Mama Kamba alipiga hesabu. Akisema, ataumbuka. Akinyamaza, nyumba thelathini zitapanda hivi hivi na kuvuna mabua.

"Ngojeni! Niliitia samadi."

"Mama! Kwa nini?" bibi shamba alimaka.

"Ilikuwa inaniangalia."

"Ndoo ngapi?"

"Sijui."

"Ulitia lini?"

"Kila iliponiangalia."

Bibi shamba aliipekua fomu yake; haikuwa na nafasi ya jibu hilo. Wanawake walikwishamzunguka Mama Kamba, wakiuliza ana mbuzi wangapi na wanalala wapi.

"Tutarudia msimu ujao," bibi shamba alisema hatimaye. "Ila mama, tafadhali, nusu moja isipate kitu kabisa."

"Sawa. Na hiyo nusu tutakayokosa, nani atatulisha?"

Bibi shamba alivaa kofia yake ya pikipiki, akaivua.

"Nitauliza ofisini," alisema, kama mtu anayejaribu kukumbuka ni ofisi ipi.