Mfugaji wa Funza Aliyekataa Kufuta Neno

Saa moja asubuhi, uani kwake, mfugaji wa funza anatumbukiza mkono mtupu kwenye beseni la maganda na mabaki ya mboga. Ndani kunachezacheza kama uji jikoni.

"Pana joto," anasema. "Wakikosa chakula wanapoa. Hawa wameshiba."

Ni watoto wa nzi weusi. Wakishanenepa, baada ya wiki mbili hivi, anawachekecha, anawakaanga kwenye karai na kuwauza kuwa chakula cha kuku. Kila gunia analiandika neno moja kwa wino mzito: FUNZALISHE.

Neno hilo amelitunga mwenyewe. Ni funza, na ni lishe.

Zamani aliandika "Lishe ya kuku" tu. Mama mmoja wa jirani, mwenye kuku arobaini, alinunua, akachota kwa kiganja, akapiga yowe mtaa mzima ukatoka nje.

"Akaniambia, 'Mwenzangu, umenishikisha wadudu!' Nikamwambia kuku wanawapenda. Akasema, 'Na mimi je, uliniuliza?'"

Habari zikasambaa. Wateja kumi na wanane wakabaki watatu. Ndipo alipoyaunganisha maneno mawili, ili mnunuzi ajue kabla hajafungua.

Wifi yake, anayemsaidia kuchekecha, hakuafiki.

"Wifi, nani atabeba funza begani watu wakimwona?"

"Atakayesoma na bado akabeba. Huyo harudishi."

Wateja wamerudi polepole. Sasa anauza magunia matano kwa mwezi. Leo amekuja mwenye duka la vyakula vya mifugo, anayetaka ishirini.

"Ila futa hiyo funza, dada. Bakiza lishe."

"Kweli, kuku hawasomi," wifi anadakia.

"Wenye kuku wanasoma," anajibu mfugaji, bila kuinua macho. "Sifuti."

Mwenye duka anakuna kisogo, anatazama magunia, anatazama pikipiki yake.

"Nipe mawili. Yakinidodea, utakuja kuyabeba mwenyewe."

"Nitakuja na toroli."

Mfugaji anayafunga kwa kamba kwenye pikipiki, neno likiangalia nje. Jumamosi, anasema, atasimama mlangoni mwa duka hilo na karai la funza waliokaangwa, bila kifuniko, amjibu kila anayeuliza.

"Mawili yakiisha, nitaomba rafu. Ya mbele, siyo ya nyuma ya mlango."