Vikeki vya Kinyozi Kabati

Siku ya kwanza kumwona, alikuwa amekwama mlangoni. Alikuwa anahamia chumba kilichopakana na changu, kiti cha kunyolea kakibeba kichwani miguu juu, na mlango umekataa kuwapitisha wote wawili. Mimi nilikuwa kwenye kigoda changu nashona soli. Uso sikuuona. Niliona miguu tu, minene kama nguzo za geti.

"Jirani," sauti ikatoka chini ya kiti, "sukuma au vuta, lakini amua. Shingo inaingia tumboni hii."

Mimi ni mtu wa haya. Mtu akinisalimia ghafla, nyundo inaniponyoka. Nikafikiri kwanza kama ni adabu kumsukuma kwa nyuma mtu mzima ambaye hata hatujajuana. Nilipomaliza kufikiri, alikuwa ameshaingia, na kipande cha fremu ya mlango ameingia nacho.

Kwa ule upana wake, wateja wakamwita Kabati. Mkewe alifariki zamani, na tangu hapo alikuwa mtu wa chai na mkate, asubuhi mpaka jioni. Ng'ambo ya korido, mlango ukitazamana na wake, alikuwepo mama mmoja mshonaji, naye mjane, mwenye maneno makali kuliko mkasi wake. Kabati alimpenda. Alidhani ni siri yake, kumbe korido nzima tunajua, maana kila akikosa la kumwambia alimpelekea suruali ipunguzwe. Mwisho hakubakiwa na suruali hata moja inayofika kwenye kifundo cha mguu.

Siku moja akajikaza, akamwambia anataka kumwoa. Mlango ulikuwa wazi, nami nilisikia yote. Mama hakuinua macho kwenye cherehani.

"Unajua kupika nini?"

"Chai."

"Basi nenda kaoe birika. Mimi nimempikia mume mpaka akafa, sikuwahi kuletewa hata yai la kuchemsha."

"Alikufa kwa chakula?"

"Kwa uzee, mpuuzi wewe! Sikiliza. Siku utakayonipikia kitu kwa mkono wako, nikakila nikakimaliza, njoo tuongee. Kabla ya hapo, suruali zako sizitaki tena."

Kesho yake Kabati akaenda dukani, akarudi na mashine. Kimashine kidogo cha umeme, kinakaa mezani, kinafunguka kama kitabu, na ndani kina vishimo vya duara. Unamimina rojo la unga, mayai, siagi na sukari, unafunika, unasubiri taa ibadilike, unatoa vikeki. Akakiweka chini ya kioo, kati ya vitana na poda.

Mwonjaji nikawa mimi, kwa sababu sijui kukataa. Kikeki cha kwanza nilikigonga mezani kikalia. Nikamwambia kwa upole kwamba ninacho kiatu cha mteja kinachotafuta kisigino. Cha siku iliyofuata kilikuwa kibichi, kikanimwagikia kwenye shati. Tena umeme wetu ulikuwa mnyonge. Mashine ya vikeki na ya kunyolea zikiwaka pamoja, swichi kuu inaanguka. Mwalimu mmoja alinyolewa upande wa kulia tu, akakaa akisubiri umeme huku akila kikeki, na kwa bahati mbaya akakipenda.

Taratibu vikaanza kukubali. Vikavimba, vikawa na rangi ya dhahabu, harufu ikavuka korido. Cherehani ikawa inasimama mara kwa mara.

Siku ya siku ikafika. Mama mshonaji akaja, mkasi wake mdogo ukining'inia shingoni kwa uzi. Kabati alikuwa anatoka jasho kama anayepakua saruji. Akamkalisha kwenye kiti cha kunyolea, na kwa mazoea akamfunga kitambaa shingoni.

"Umeniita kula au kunyoa?"

"Kula, mama. Kula."

Akatoa vikeki, akavipanga kwenye sahani. Vilikuwa vizuri, nusura nipige makofi. Sukari ya unga ya kunyunyizia juu ilikuwa tayari kwenye bakuli. Lakini mikono ya Kabati ilikuwa imefanya kazi moja maisha yote, na siku hiyo kichwa kilikuwa hakipo. Ikachukua brashi, ikapangusa chembe. Kisha ikachukua kopo la poda, ileile ya shingoni, ikavinyunyizia vikeki vyote, paf, paf, paf.

Niliona. Nilitaka kusema. Kwa haya likatoka neno jingine.

"Shemeji!" nikapayuka.

Mama akageuka, kikeki mdomoni. "Shemeji yako nani? Nani kakuoza dada yangu?"

Akauma. Akatafuna. Akaacha kutafuna. Pua yote ilikuwa nyeupe.

"Kinyozi," akasema, "hiki ni kikeki au kisogo?"

Kabati akatazama kopo mkononi mwake. Akakaa sakafuni, na jinsi alivyo mkubwa vitana vikaruka mezani. "Nimekwisha," akasema. "Jirani, nisaidie kuhama."

Mama akatema, akajifuta pua kwa kitambaa cha kunyolea. Nikajua sasa anaondoka. Hakuondoka. Alikitazama kikeki kwa muda, akakizungusha, halafu akashika mkasi wake akakata sehemu ya juu pande zote, kama anavyopunguza pindo la gauni. Poda ikaanguka sakafuni. Kilichobaki akakila polepole, hata chembe za mapajani akaziokota.

"Ndani ni laini," akasema. "Nimekimaliza. Leta kingine, na hilo kopo likae mbali nami." Kisha akamtazama pale chini, miguu wazi mpaka magotini. "Na suruali hizo niletee nizirefushe. Siwezi kuolewa na mtu aliyevaa hivyo."

Walioana, na walipohamia mji mwingine sikuwaona tena. Siku ya kuondoka, Kabati alipanda nyuma ya lori, akaketi kwenye kiti chake cha kunyolea kama mfalme, suruali ikifika kwenye viatu. Nilikuwa nimetunga maneno ya kumuaga tangu asubuhi. Nikaishia kupunga nyundo. Nilipogeuka nikakuta ile mashine ya vikeki imewekwa juu ya kigoda changu, imefutwa safi. Nikaikumbatia, nikakimbilia lori lililokuwa linaondoka, nikidhani wameisahau.

Kabati akanipungia mkono akipiga kelele: "Rudi nayo, jirani! Hiyo nimekuachia uoe! Poda ndiyo naondoka nayo!"